Imamu Ghazali na Hesabu ya Nafsi Yake

Miongoni mwa maradhi yaliyotushika sisi watu wa mwambao ni kuwa kila likitufika jambo tusilolipenda, hutafuta mtu wa kumtwika. Duka likifungwa milango, ni jicho la hasidi. Kijana akianguka mtihani, ni mwalimu aliyemchukia. Shamba la minazi aliloliacha babu likitoka mikononi mwetu, hulaumiwa aliyelinunua, wala haulizwi aliyeliuza wala arusi iliyofanywa kwa thamani yake. Na tukichoka kuwataja wanaadamu huirudia Kadari tukaisingizia. Hatusemi kwamba hasidi hayuko ulimwenguni, wala hatusemi kwamba hakuna dhuluma. Vyote viwili vipo. Lakini mfanyi biashara ambaye daftari lake lina madeni ya watu tu, na ya kwake mwenyewe hakuyaandika hata moja, huyo hajui kama anapata au anapoteza.

Kwa ajili hiyo tumependa safari hii kuwaeleza ndugu zetu maisha ya mwanachuoni ambaye jina lake liko midomoni mwetu sote, na ambaye marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) aliliita madrasa yake ya Mombasa kwa jina lake. Naye ni Imamu Abu Hamid Muhammad bin Muhammad bin Muhammad Al-Ghazali, aliyepewa lakabu ya Hujjatul Islam. Wengi wetu twamjua kwa kitabu chake cha Ihya. Wachache ndio wanaojua kwamba kabla ya kukiandika kitabu hicho alifikwa na msiba ambao ulimwondoa katika kiti kikubwa kabisa cha ilimu cha zama zake, na kwamba msiba huo yeye mwenyewe aliufuata nyuma mpaka akauona ulikoanzia, akaukuta umeanzia katika mazoea yake ya kila siku.

Alizaliwa mwaka 450 wa Hijra, sawa na 1058 Miladi, katika mji wa Tus ulioko Khurasan, upande wa mashariki ya kaskazini ya nchi ya Iran, karibu na uliko leo mji wa Mashhad. Baba yake alikuwa maskini, akisokota sufu na kuiuza dukani kwake, na wengi wasema kuwa jina la Ghazali latokana na kazi hiyo. Hakuwa mtu wa kusoma, lakini alikuwa akipenda kukaa na maulamaa, kuwatumikia na kulia anapowasikia wakiwaidhi. Mauti yalipomkaribia aliwakabidhi wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mmoja mcha Mungu pamoja na akiba ndogo aliyokuwa nayo, akamuusia awasomeshe. Yule rafiki alitekeleza amana mpaka fedha zikaisha. Zilipoisha aliwaambia watoto kwamba yeye ni fakiri, hana cha kuwapa, na kwamba lililo jema kwao ni kuingia madrasa ambako wanafunzi walikuwa wakipewa chakula. Wakaingia. Imamu Ghazali alipokuwa mtu mzima hakulificha jambo hilo: alikiri kwamba yeye na nduguye waliiendea ilimu kwa sababu ya mkate, na ilimu yenyewe ndiyo iliyokataa kubaki kuwa ya mkate. Twaomba msomaji aliweke neno hili kando, kwani tutalirudia.

Baada ya kusoma Tus alisafiri mpaka Jurjan, akaandika huko masomo yake katika madaftari, akarudi. Njiani wakashambuliwa na wanyang'anyi, wakachukua kila kitu. Kijana Ghazali akawafuata mbio, mpaka mkubwa wao akamgeukia na kumtisha kuwa atauawa. Akamwomba amrudishie mkoba wake tu, kwani ndani yake mna makaratasi yasiyowafaa wao kitu, nayo ndiyo ilimu aliyohama kwao kuitafuta. Yule mnyang'anyi akacheka, akamuuliza vipi adai kuwa ameijua ilimu ambayo akinyang'anywa mkoba haimbakii. Kisha akaamrisha apewe. Mtu mwingine angelifika kwao akisimulia ubaya wa njia na ukatili wa wezi. Ghazali alifika Tus akakaa miaka mitatu kuhifadhi kila alichokiandika, kwa kuwa aliona kwamba kosa halikuwa la mnyang'anyi peke yake. Lilikuwa pia katika zoea lake la kuandika na kuweka, akidhani kwamba kilichomo karatasini kimo kifuani.

Kisha akaenda Nishapur, akasoma kwa Imamul Haramain Al-Juwayni, mkubwa wa maulamaa wa Kishafi wa wakati ule, akawa ndiye wa mbele katika wanafunzi wake. Al-Juwayni alipofariki mwaka 478 (1085) Ghazali alikwenda kwenye kambi ya Nidhamul Mulk, waziri wa masultani wa Kiseljuki, ambako maulamaa walikuwa wakikutana na kujadiliana mbele ya waziri. Huko aliwashinda wote. Mwaka 484 (1091) waziri akampeleka Baghdad kuwa mwalimu mkuu wa Madrasa ya Nidhamia, naye hajafika hata miaka 35.

Hapa jina lake lilipaa. Wanafunzi waliokuwa wakihudhuria darsa yake walifika 300, na wakubwa wa Baghdad walikuwa wakimpisha njia. Yasimuliwa kwamba siku alipoingia mji watu walizitia bei nguo zake na mnyama aliyempanda wakaona zafika dinari 500. Aliandika vitabu vya fikihi, akasoma falsafa peke yake katika saa alizozipata baina ya kusomesha na kuandika, kisha akawarudi wanafalsafa kwa kitabu chake cha Tahafut. Khalifa mwenyewe alimtaka aandike kitabu cha kuwarudi Mabatini, naye akakiandika. Mtu akitazama kwa nje asema: huyu ameneemeka, hana kilichopungua.

Ndani mambo yalikuwa mengine. Mwaka 488, katika mwezi wa Rajabu (Julai 1095), alianza kujihesabia. Alitazama kazi zake moja moja, akaona iliyo bora katika hizo ni kusomesha. Kisha akaitazama hiyo iliyo bora, akakuta kwamba anasomesha ilimu nyingi zisizo na haja kwa mwenye kusafiri kwenda Akhera. Hakusimama hapo. Aliingia ndani zaidi akaichungua nia yake, akaona kwamba kinachomwamsha asubuhi na kumpeleka darsani si kutaka radhi za Mola wake, bali ni kutaka jaha na kutajwa. Akajiona yuko ukingoni mwa shimo. Tuangalie vizuri: hakujikuta na kosa kubwa ambalo watu wangelimtolea ushahidi. Hakunywa ulevi, wala hakula mali ya yatima. Alilolikuta ni zoea, tena zoea ambalo mji mzima ulikuwa ukimsifu kwalo. Na mzizi wake ulikuwa wa zamani. Ni ule ule wa yule mtoto aliyeingia madrasa kwa ajili ya sahani ya chakula, ila sahani imekua ikawa cheo.

Basi akakaa karibu miezi sita hajui la kufanya. Asubuhi huazimia kuondoka Baghdad, jioni matamanio yakamrudisha. Dunia humvuta kwa minyororo yake, na imani humwita ijiandae kwa safari kwa kuwa umri uliobaki ni mchache. Shetani humwambia kwamba hilo ni wazo la kupita, na kwamba akikiacha cheo ambacho hakuna anayekigombania naye, huenda nafsi ikakitaka tena siku ambayo hakirudi. Mpaka mambo yakatoka mikononi mwake: ulimi ukafungika. Alikuwa akiketi darsani akijilazimisha angalau siku moja asomeshe ili awaridhishe wanafunzi waliokuja kwake, na neno halitoki. Huzuni iliyomwingia kwa sababu hiyo ikamharibia tumbo, asiweze kumeza maji wala kusaga tonge. Nguvu zikamwishia. Matabibu wakakata tamaa, wakasema kuwa ugonjwa huu umeanzia moyoni ukaingia mwilini, na hauna dawa mpaka moyo wenyewe upumzike na dhiki iliyoushika.

Alipoona hana hila tena alimlilia Mola wake kama anavyolia mwenye dhiki, na likawa jepesi kwake kuviacha vyeo, mali, watoto na marafiki. Aliitawanya mali yake, akabakisha kiasi cha kuwatosha wanawe, nduguye Ahmad akashika nafasi yake Nidhamia, naye akatoka Baghdad katika mwezi wa Dhulqaada mwaka 488 (Novemba 1095). Aliwaambia watu kuwa anakwenda Makka, na moyoni anakusudia Sham, kwa kuchelea Khalifa na masahibu zake wasije wakamzuia. Nasi hatulifichi hilo, kwani yeye mwenyewe hakulificha.

Sasa tuwasikilize watu wa Baghdad walisema nini. Maulamaa wa Iraki walimlaumu wote, kwa kuwa hawakuona vipi mtu aweza kuiacha kazi ile kwa sababu ya dini, na wao wadhani kazi ile ndiyo kilele cha dini. Waliokuwa mbali na mji walidhani ametishwa na watawala. Waliokuwa karibu na watawala, wakiona jinsi wanavyomng'ang'ania naye anavyowakataa, walisema kuwa hili ni jambo la mbinguni tu, halina sababu ila ni jicho lililowapiga Waislamu na jamaa wa ilimu. Ndiyo, ndugu zetu: jicho! Mji uliokuwa na madrasa, maktaba na matabibu, walipoona mwalimu wao amefungika ulimi, walisema lile lile linalosemwa barazani kwetu. Aliyekataa ni mgonjwa mwenyewe. Yeye alisema kuwa sababu anaijua, na anajua imekaa wapi.

Wako waandishi wa zama hizi, wa Kizungu na wa Kiarabu, wanaosema kwamba alitoka kwa kuwaogopa Mabatini waliomuua Nidhamul Mulk mwaka 485 (1092), au kwa sababu ya fitina za masultani zilizofuata. Huenda hofu hizo zilikuwako. Mtu hawi jiwe. Lakini habari tuliyo nayo kutoka kwake yeye ni hii tuliyoisimulia, na mwenye kutaka kujitetea mbele za watu angelichagua sababu yenye heshima kuliko kukiri kuwa alikuwa akisomesha kwa kutaka kutajwa.

Alikaa Sham karibu miaka miwili. Katika mji wa Damascus alikuwa akipanda mnara wa msikiti mkuu mchana kutwa na kujifungia mlango. Yasimuliwa kwamba alikuwa akifagia katika nyumba ya mafakiri huko, na kwamba siku moja aliingia madrasa akamsikia mwalimu akitaja katika darsa yake kuwa Ghazali amesema kadha wa kadha. Akaichelea nafsi yake isije ikaingiwa na kujiona, akauhama mji. Kisha akaenda Baitul Maqdis, akawa kila siku huingia katika Kubba ya Mwamba na kujifungia.

Mwaka 489 (1096) alizuru kaburi la Nabii Ibrahim katika mji wa Khalil, na hapo ndipo alipoweka ahadi tatu na Mola wake: kwamba hatapokea mali ya sultani yeyote, hatakwenda kumwamkia sultani yeyote, wala hatajadiliana na mtu katika mabaraza ya kushindana. Ahadi hizi zataka kuzingatiwa. Hakuahidi kwamba atakuwa mtu mwema, kama tunavyoahidi sisi kila Ramadhani ikiingia na Shawali tukasahau. Alikwenda kwenye mambo matatu aliyokuwa akiyafanya karibu kila wiki ya maisha yake ya Baghdad, ambayo kila moja lilikuwa likimlisha yule mnyama wa jaha aliyemo ndani yake: mshahara wa ikulu, safari za ikulu, na furaha ya kumshinda mwenziwe mbele ya wakubwa. Akayakata hayo. Na miaka mingi baadaye, alipoitwa mbele ya Sultani Sanjar, na tena alipotakiwa arudi Baghdad katika kiti chake cha kwanza naye amekaribia mwisho wa umri wake, alizitaja ahadi za Khalil kuwa ni udhuru wake.

Akahiji, kisha mapenzi ya watoto na maombi yao yakamvuta kurudi kwao. Alipopita Baghdad mwaka 490 (1097), wale wale waliozitia bei nguo zake mara ya kwanza walizitia bei tena, wakaona zafika kirati 15. Wako waliomlaumu kwamba Wafaranji waliiteka Baitul Maqdis mwaka 492 (1099) naye hatukumuona akiinua kalamu juu ya jambo hilo. Ni lawama yenye uzito, na mwenye kumpenda Imamu hahitaji kuikasirikia.

Katika miaka hiyo ya kusafiri na ya kukaa faragha ndipo alipokiandika kitabu cha Ihya Ulumid Din, chenye vitabu 40 ndani yake vilivyogawanywa robo nne: ya ibada, ya ada, ya mambo yenye kuangamiza, na ya mambo yenye kuokoa. Twataka msomaji aitazame robo ya pili. Baina ya Sala na Saumu kwa upande mmoja, na kiburi na husuda kwa upande mwingine, ameweka kula, kuoa, kuchuma, urafiki, kusafiri na mwenendo wa kila siku. Kwake yeye njia ya moyoni yapita mezani, dukani na kitandani. Sisi twazoea kuigawanya dini ikawa ya msikitini, na mengineyo ni mambo ya dunia. Kisha twashangaa kwamba Sala zetu hazitugeuzi.

Katika robo ya tatu ameeleza namna tabia inavyofanyika. Tabia kwake ni hali iliyojikita ndani ya nafsi, ambayo vitendo hutoka kwayo kwa wepesi bila kufikiri. Mwenye kutaka kuwa mwandishi wa khati nzuri hana njia ila kuiga kwa mkono wake khati ya bingwa, siku baada ya siku, hata ile iliyokuwa ya kujikalifisha iwe maumbile yake. Bakhili naye ajilazimishe kutoa mpaka kutoa kuwe kwepesi. Na upande wa ubaya ni vivyo hivyo. Mwanafunzi akiacha kudurusu usiku mmoja haoni kuwa amepoteza ilimu yake. Lakini usiku mmoja huita mwingine, na nafsi hujifunza uvivu kidogo kidogo mpaka mlango wa ilimu ukafungwa, wala mwenyewe hakumbuki ni usiku gani ulioufunga. Twadhani mzazi yeyote aliyeshindwa na mwanawe wa miaka 16 aweza kuufahamu mfano huu vizuri, akirudi nyuma miaka kumi.

Juu ya hasira asema kwamba haitibiwi kwa kuishika wakati imekwisha panda tu. Hutibiwa kwa kuondoa mambo yanayoiamsha, nayo ni kiburi, kujiona, mzaha, dhihaka, kutiana aibu, ubishi, hiana, na pupa ya mali na cheo. Tazama basi mabaraza yetu ya jioni. Watu huanza kwa mzaha, wakaingia dhihaka, wakafika ubishi wa nani ni nani na ukoo gani ni upi, mpaka ndugu wawili wakaondoka hawasemezani miaka miwili; kisha wapatanishi hukaa usiku kuchunguza lile neno la mwisho lililosemwa, na neno hilo halikuwa na kosa kubwa. Kosa lilikuwa katika masaa mawili yaliyolitangulia, na katika jioni 100 zilizotangulia hiyo.

Na mtu atazijuaje aibu zake, na jicho halijioni? Ametaja njia nne: mwalimu mwenye kuona, rafiki mkweli, ndimi za maadui, na kuchanganyika na watu, ili kila analoliona baya kwa mwenziwe alitafute kwake. Njia ya tatu ndiyo iliyotupendeza sisi, kwa kuwa ni chungu. Adui aliyeudhika huenda akamfaa mtu kuliko rafiki wa kumpaka mafuta, kwani rafiki huyo huificha aibu na adui huitoa. Nasi tukisemwa, la kwanza tunalouliza ni nani aliyesema, na ana nini na sisi.

Kitabu cha 38 katika Ihya ndicho cha kuichunga nafsi na kuihesabu, na humo Imamu ameongea lugha ambayo watu wa bandari wataifahamu mara moja, yaani lugha ya biashara. Mtu na nafsi yake ni kama tajiri na mshirika aliyempa mali auze. Asubuhi humwekea masharti. Mchana humwangalia asimpotee. Jioni hukaa naye kwa hesabu: rasilimali ni faradhi, faida ni sunna, hasara ni maasi. Akikuta hiana humtia adabu, humkalifisha kazi zaidi, humlaumu. Na ajabu yake ni kuwa tajiri husimama na mshirika wake juu ya senti moja iliyopungua, na siku nzima ya umri ikipungua haulizi imekwenda wapi. Amesimulia humo habari za mtu wa Raqqa aliyeketi siku moja kuhesabu umri wake, akakuta ni miaka 60, akaihesabu kwa siku akapata siku 21,500. Akajiuliza itakuwaje kukutana na Mola wake kwa dhambi 21,500 ikiwa kila siku amefanya moja tu, na vipi ikiwa kila siku ni maelfu. Akaanguka, na walipomtazama wakamkuta amekwisha kufa.

Tena hakuwasaza watu wa dini. Katika kitabu cha kughurika amewataja maulamaa, wachaji, watu wa tasawwuf na matajiri, kila jamaa kwa hila yake. Amemtaja anayejenga msikiti kwa mali aliyoichuma kwa dhuluma kisha akaandika jina lake juu yake, na amewataja wanaotoa mali kuhiji mara baada ya mara na hali jirani zao wana njaa. Ni miaka zaidi ya 900 tangu yaandikwe hayo, na wino wake haujakauka.

Kitabu hiki hakikupita bila ya vita. Mwaka 503 (1109), naye yu hai, kilichomwa moto mjini Cordoba kwa amri ya watawala wa Kimurabiti. Wengine walikikosoa kwa haki: Ibnul Jawzi aliandika juu ya makosa yake, na Hafidh Zainuddin Al-Iraqi, aliyefariki mwaka 806 (1404), alizipekua Hadithi zake moja moja akabainisha zilizo sahihi na zilizo dhaifu na zisizo na asili. Basi wanaokisoma Ihya misikitini kwetu yawapasa wakisome pamoja na kazi ya Al-Iraqi, wala wasiwape watu kila Hadithi iliyomo kama kwamba imetoka kwa Bukhari. Kumpenda mwanachuoni si kumfanya maasumu.

Mwaka 499 (1106) Fakhrul Mulk, mwana wa yule waziri wa zamani, alimshikilia arudi kusomesha, mara hii katika Nidhamia ya Nishapur. Alijihesabia tena kabla ya kukubali. Aliogopa kwamba kubaki faragha kwake kumegeuka kuwa uvivu na kupenda raha, na kujiepusha na maudhi ya watu. Yaani hata lile alilolifanya dawa huenda limekuwa zoea jingine la kuchunguzwa. Akaenda. Naye amesema kwamba ijapokuwa kwa nje amerudi katika kusomesha, hakurudi alikotoka, kwani zamani alikuwa akiwaita watu kwenye ilimu inayochuma cheo, na sasa yuwaita kwenye ilimu inayokiacha cheo. Hakukaa sana. Akarudi Tus, akajenga karibu na nyumba yake madrasa ya wanafunzi na nyumba ya mafakiri, akazigawanya saa zake baina ya kukhitimisha Kurani, kukaa na watu wa moyo, na kusomesha.

Kulikuwa na upungufu mmoja ambao yeye mwenyewe aliutaja kabla ya kutajiwa na wakosoaji wake: kwamba bidhaa yake katika ilimu ya Hadithi ni chache. Katika siku zake za mwisho, naye ni Imamu ambaye vitabu vyake vimekwisha kufika Andalusi, alikaa kama mwanafunzi akawa akisoma na kusikiliza Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwa wenye kuzijua. Waliomjua wasema kwamba lau angeliishi angeliwapita wote katika fani hiyo kwa muda mchache.

Hakuishi. Alfajiri ya Jumatatu, tarehe 14 Jumadal Ukhra mwaka 505 (18 Disemba 1111), kama alivyosimulia nduguye Ahmad, alitawadha, akasali, akaitaka sanda yake. Alipoletewa aliibusu, akaiweka juu ya macho yake, akanyoosha miguu kuelekea Kibla, na kabla ya jua kuchomoza roho yake ilikuwa imekwisha kutoka. Alizikwa Tus, katika mtaa wa Tabaran. Hakuacha mtoto mwanamume, aliacha mabinti tu. Na mali aliyoiacha ilikuwa kiasi cha kuwatosha watu wake.